Dola Mbili Zilizodanganya Umri

Kuna dola mbili za fedha katika historia ya pwani yetu ambazo zimedanganya umri wao. Ya kwanza imeandikwa 1804, lakini ilipigwa chapa 1834. Ya pili imeandikwa 1780, na inaendelea kutengenezwa mpaka leo unaposoma hapa. Ukiokota ya kwanza, wewe na kazi mmeachana. Ukiokota ya pili, labda utajaza mtungi wa gesi na kununua unga wa mwezi.

Zote mbili zinapitia kwa mtu mmoja. Seyyid Said bin Sultan, yule mtawala wa Muscat aliyehamishia makao yake Zanzibar na kueneza mashamba ya mikarafuu, ndiye aliyeletewa ya kwanza kama zawadi kutoka kwa serikali ya Marekani. Ya pili ndiyo iliyokuwa ikizunguka katika masoko yake, mikononi mwa wachuuzi, mabaharia na akina mama.

Nayasema haya mapema kwa sababu kila mtu ninayemjua aliye na sarafu kuukuu kwao nyumbani huuliza swali moja tu: ni ya mwaka gani? Wasee wanageuza sarafu, wanasoma mwaka, wanaingia mtandaoni, wanaona dola milioni saba, na roho inaruka. Ukiuliza mwaka wa sarafu hizi mbili, zote zitakujibu bila aibu, na zote zitakuwa zimekudanganya.

Sarafu iliyonitia katika mambo haya ilikuwa ya marehemu nyanya yangu, mamake baba, aliyeishi Mji wa Kale, Mombasa. Baada yake ilikaa kwa shangazi, ndani ya mkebe wa biskuti pamoja na vyeti vya kuzaliwa na risiti za maji. Mwaka jana shangazi alinipa. "Wewe ndiwe mpenda mambo ya zamani," aliniambia. "Hebu niangalilie hii, mwanangu. Wasema za hivi zauzwa kwa mamilioni."

Hakuwa anauliza historia. Bintiye alikuwa amepata barua ya kujiunga na chuo kikuu, na barua ile ilikuwa na orodha ndefu ya malipo nyuma yake. Mimi mwenyewe niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipotushinda nyumba nzima, kwa hivyo nilijua vizuri sana alichokuwa anatafuta ndani ya ule mkebe.

Sarafu yenyewe ni pana, kama milimita 40, yaani karibu mara moja na nusu ya shilingi ishirini yetu. Upande mmoja kuna mwanamke mnene aliyevaa shela. Upande wa pili kuna tai mwenye vichwa viwili na ngao kifuani. Juu ya kichwa cha mwanamke pametobolewa tundu. Kando ya tundu kuna donge la lehemu kuukuu, mahali ambapo zamani palikuwa na kitanzi. Shingo imechubuka, mashavu yamelika, na sura nzima imekuwa laini kama sabuni iliyotumika nusu. Mwaka unasomeka: 1780.

Mwanamke huyo ni Maria Theresa, aliyetawala Austria, Hungaria na Bohemia. Shela lile ni la ujane. Mumewe, Franz wa Kwanza, alifariki 1765, na kuanzia hapo picha zake kwenye sarafu zikaanza kumwonyesha akiwa amejifunika. Yeye mwenyewe alifariki Novemba 1780. Kwa kawaida mtawala akifa, sura yake hutoka kwenye pesa na ya mrithi huingia. Lakini wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uarabuni na Ethiopia walikuwa wameshaizoea sura hii. Waliijua uzito wake, waliijua fedha yake, na hawakutaka nyingine. Basi Austria ikaendelea kuipiga vilevile, na mwaka uleule, kwa sababu mwaka mpya ungeleta shaka sokoni. Toka hapo zimetengenezwa kwa mamia ya mamilioni, zote zikiwa zimeandikwa 1780.

Huku kwetu wazee hawakuziita dola. Waliziita reale, neno lililotoka kwa Wahispania, ambao pesa yao kubwa ya fedha ilikuwa na thamani ya reale nane. Sarafu ile ya Kihispania ilikuwa na picha ya nguzo mbili. Watu wa pwani walizitazama nguzo zile wakaona mizinga, ikawa "reale ya mzinga". Ya Maria Theresa ikaitwa "reale ya Sham". Na neno dola nalo lina safari yake. Kule Bohemia kulikuwa na mji wa migodi ya fedha ulioitwa Joachimsthal, ambao karne ya 16 ulianza kutoa sarafu kubwa za fedha. Sarafu zikaitwa Joachimsthaler, watu wakachoka na urefu wa jina wakasema thaler, na thaler ikazaa dola. Neno likasafiri mpaka Tanzania, ambako shilingi tano iliitwa dala, na kutoka hapo wengi husema ndipo ilipotoka daladala. Kwa hivyo mtu anayening'inia mlangoni pale Kariakoo ananing'inia kwenye jina la mgodi wa Ulaya ya kati.

Na neno letu wenyewe, fedha, ni lilelile kwa madini na kwa pesa. Ethiopia pia ni hivyo: birr maana yake ya asili ni fedha, yale madini. Lugha zote mbili zimehifadhi wakati ambapo noti ya karatasi ingechekwa, na pesa ilikuwa ni uzito.

Kwa sababu pesa ilikuwa ni uzito, nilianza na mizani.

Dola ya Maria Theresa iliyo kamili ina gramu 28.07. Kati ya hizo, sehemu 833 katika kila 1,000 ni fedha na iliyobaki ni shaba, kwa hivyo fedha halisi ndani yake ni gramu 23.39, kama robo tatu ya aunsi ambayo dunia hutumia kupimia madini haya. Niliazima mizani ndogo ya kupimia viungo. Ya nyanya ilisoma 27.31. Imepungukiwa na robo tatu ya gramu, na hilo lina maelezo: tundu, pamoja na miaka ya kusuguana na ngozi, nguo na sarafu zingine. Ingesoma gramu 22 au 24, ningejua mapema kwamba hapa hakuna kitu.

Kipimo cha pili ni cha maji, na unaweza kukifanya jikoni. Weka glasi ya maji juu ya mizani, ifanye isome sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba ndani ya maji bila kugusa chini wala kando. Namba itakayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito wa sarafu kwa namba hiyo. Fedha iliyochanganywa na shaba kwa kiasi hiki hutoa kama 10.2. Shaba ya manjano hutoa nane na kitu. Ya nyanya ilisukuma maji gramu 2.69, na jibu likawa 10.15. Sumaku haikuivuta. Ilikuwa fedha.

Kipimo cha tatu ni ukingo, na hapa ndipo sarafu nyingi bandia huanguka. Ukingo wa dola hii una maandishi yaliyoinuka, kwa Kilatini: IUSTITIA ET CLEMENTIA, yaani haki na huruma. Aliyeimwaga ya bandia kwenye kalibu ya vipande viwili huacha mstari wa kiungo ukizunguka ukingo wote, na maandishi yake huwa yamevimba au hayapo. Ya nyanya ilikuwa na maandishi, isipokuwa pale lehemu ilipoyafunika.

Kipimo cha nne walikijua watu wa soko kabla yetu sote. Walihesabu lulu. Begani mwa Maria Theresa kuna pambo lililozungukwa na lulu tisa, na kuna wafanyabiashara waliokataa sarafu ambayo lulu zake hazikuonekana sawasawa. Hawakujua kusoma Kilatini lakini walijua kuhesabu, na walijua kwamba anayeghushi huchoka kwenye vitu vidogo. Nilitumia kamera ya simu. Niliona tano kwa uhakika na nyingine mbili kwa imani.

Mpaka hapo nilikuwa na dola halali ya Maria Theresa. Swali la shangazi lilikuwa bado limebaki palepale: je, ni ya ile ile 1780 ya kweli?

Zile za mwanzo zilipigwa Günzburg, mji ulio kusini mwa Ujerumani ya leo, na chini ya picha ya Maria Theresa kuna herufi S.F., za majina ya maofisa wawili wa kiwanda hicho. Shida ni kwamba herufi hizo nazo zilinakiliwa. Vienna waliziweka. Venice na Milan waliziweka. Mwaka 1935 Mussolini, akijiandaa kuivamia Ethiopia, alichukua kutoka Austria mihuri ya kupigia sarafu hii na haki ya kuitengeneza, kwa sababu katika nchi zile jeshi lilihitaji pesa ambayo watu wangeikubali. Roma ikaanza kupiga. Waingereza nao wakaona biashara yao ya Bahari ya Shamu itakwama, wakaanza kupiga zao London 1936. Paris ikapiga, Brussels ikapiga. Vita vya Pili vilipochacha, zilipigwa Bombay. Baada ya vita, Birmingham. Ni 1961 tu ambapo kazi ilirudi Vienna peke yake.

Hebu fikiria hilo kidogo. Sarafu iliyoandikwa 1780, ya malkia wa Austria, inaweza kuwa imetoka Bombay mwaka 1940, kwenye kiwanda cha Mwingereza. Na si bandia. Ina uzito uleule na fedha ileile.

Wataalamu huzitofautisha kwa vitu vidogo sana: manyoya ya mkia wa tai yako mangapi na yamepangwaje, vitone viko wapi, pambo la bega lina umbo gani, herufi zimenenepa wapi. Yaani kitambulisho chote kiko kwenye sehemu zilizoinuka, na hizo ndizo zinazolika kwanza. Mkia wa tai wa nyanya umebaki kama kivuli. Sarafu ambayo haikuvaliwa wala kutumika ingeweza kusema imezaliwa wapi. Hii iliyofanya kazi imejifuta majibu yenyewe.

Kuna mtu niliyempelekea picha, muuzaji wa sarafu, akajibu kwa maneno manne: "Imetobolewa. Ni vyuma tu." Kwa lugha ya wakusanyaji hakuwa amekosea. Kwao sarafu iliyotobolewa, iliyotiwa lehemu, iliyokwaruzwa au kung'arishwa imeharibika, na bei yake huanguka hata kama ni ya kiwanda adimu. Ndiyo maana ukiwa na sarafu kuukuu, tafadhali usiisugue kwa jivu, ndimu wala dawa ya meno. Ule weusi haujaiharibu. Mkono wako ndio utakaoiharibu.

Lakini kabla sijamjibu shangazi nilitaka kujua ile tamaa ya mamilioni inatoka wapi, na ndipo nilipokutana na dola ya kwanza.

Mmarekani mmoja aitwaye Edmund Roberts, mfanyabiashara kutoka New Hampshire, alifika Zanzibar miaka ya 1827 na 1828, akaona masharti ya kuuza bidhaa zake ni magumu, na akalalamika moja kwa moja kwa Seyyid Said. Miaka michache baadaye alirudi akiwa mjumbe wa serikali yake. Septemba 1833, mjini Muscat, wakatia saini mkataba wa biashara uliowaruhusu Wamarekani kuuza na kununua katika bandari za Seyyid Said kwa ushuru wa asilimia 5. Ule mkataba ndio uliofungua mlango. Kitambaa cha pamba cha Wamarekani kikajaa sokoni mpaka tukakipa jina, merikani, nao wakabeba pembe za ndovu na sandarusi. Mwaka 1837 wakaweka konseli wao Zanzibar, mwaka uleule ambao Seyyid Said aliwashinda Wamazrui na kuichukua Mombasa.

Ili kukamilisha mkataba, Roberts alitumwa tena na zawadi. Miongoni mwake palikuwa na sanduku la sarafu za Marekani, moja ya kila aina. Agizo lilitolewa 1834. Maofisa wa kiwanda cha sarafu wakafungua vitabu vyao kutafuta dola ya fedha ilipigwa mara ya mwisho lini, wakaona 1804, dola 19,570. Wasichojua ni kwamba dola zile za 1804 zilipigwa kwa mihuri iliyobaki, yenye miaka ya nyuma. Hakuna hata moja iliyoandikwa 1804. Basi wakachonga mihuri mipya, wakaandika 1804, na kutengeneza sarafu ambayo haikuwahi kuwepo.

Meli iliyobeba zawadi, USS Peacock, ilikwama kwenye mwamba karibu na kisiwa cha Masirah, Septemba 1835. Roberts alishuka na mashua ndogo kwenda Muscat kuomba msaada, na Seyyid Said akatuma msaada. Sanduku likafika. Na mtu aliyetawala pwani iliyojaa reale za mzinga na reale za Sham akawa na dola moja ambayo hangeweza kununua nayo hata kikapu cha tende bila muuzaji kuitilia shaka.

Dola za 1804 za kundi hilo la kwanza zinazojulikana ni nane. Moja, ambayo wataalamu wengi wanaamini ndiyo ya Seyyid Said, iliibuka baadaye Uingereza, ikauzwa kwenye mnada Marekani 1999 kwa zaidi ya dola milioni 4, na tena Agosti 2021 kwa dola milioni 7.68. Kati ya sarafu kuukuu za Marekani, hii ndiyo waliyoibandika jina la mfalme.

Wengi hutoka na somo baya hapo. Wanadhani kuna dola ya 1804 imelala kwenye mkebe fulani ikingoja. Haiwezekani, kwa sababu hazikuwahi kuingia sokoni. Hakuna mvuvi aliyelipwa kwayo, hakuna bibi aliyeificha chini ya godoro. Zile zinazookotwa nyumbani ni bandia, na ni nyingi. Uadimu wa dola ile unatokana na kutofanya kazi hata siku moja. Ilitengenezwa iwe kwenye sanduku, na imekaa kwenye masanduku hadi leo, ndiyo maana haina mkwaruzo.

Kama ni lazima utumaini, basi tumaini kwenye vitu vilivyopita kweli mikononi mwa watu wetu. Sultan Barghash, mwanawe Seyyid Said, alijaribu kuwa na pesa yake mwenyewe. Aliagiza reale za fedha zenye maandishi ya Kiarabu matupu, jina lake na mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882. Hazikuiondoa rupia ya Kihindi wala reale ya Sham, na leo ni adimu. Kampuni ya Waingereza iliyotawala hapa kabla ya serikali yao nayo ilitoa rupia zilizoandikwa Mombasa, mwaka 1888. Na Wareno wa Msumbiji, mwisho wa karne ya 19, walichukua dola za Maria Theresa na kuzigonga muhuri wa herufi PM zenye taji juu yake, ili zikubalike kwao. Ukiona kovu la aina hiyo usilisugue. Hilo ni pigo linalopandisha bei, ingawa nalo lina waghushi wake.

Ya nyanya haikuwa na pigo la Wareno. Ilikuwa na tundu tu. Nililiangalia lile tundu kwa siku kadhaa kabla ya kulielewa.

Halikutobolewa na mtoto kwa msumari. Ni la duara, limepigwa kutoka mbele kwenda nyuma, katikati kabisa juu ya kichwa, ili sarafu ikining'inia sura ikae wima. Kisha mtu akatia kitanzi kwa lehemu, pengine tundu lilipoanza kupanuka. Hiyo ni kazi ya sonara, na sonara hulipwa. Kwa nini mtu alipe ili pesa yake iharibiwe?

Kwa sababu akishaitoboa inatoka kwenye biashara na kuingia kwenye akiba. Kutoka Oman hadi Ethiopia hadi kwetu, dola za Maria Theresa zilining'inizwa shingoni, zilishonwa kwenye mapambo, au ziliyeyushwa na masonara kuwa vikuku na mitali. Mahari yalihesabiwa kwa reale. Na mahari katika sheria ya Kiislamu ni mali ya mwanamke mwenyewe, si ya mume wala ya baba. Enzi ambazo hakuna benki ingemfungulia nyanya akaunti, fedha iliyoko shingoni ilikuwa haina wa kuitolea sahihi ila yeye. Mume hawezi kuikopa kimyakimya, kwa sababu kila mtu mtaani anaijua. Na siku ya shida unakwenda kwa sonara, anaipima, anakupa pesa. Tundu halipunguzi sana: kwa ile ya nyanya, tundu na miaka yote ya kuvaliwa vimekula gramu 0.76 tu.

Yule muuzaji aliona uharibifu. Mimi naona kitabu cha benki. Tena ni ushahidi pekee nilio nao kwamba nyanya, ambaye jina lake haliko kwenye hati yoyote ya nyumba wala ya shamba, alikuwa na mali yake.

Lile suala la mwaka lina uzito hata kisheria. Sheria yetu ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya 2006 huhesabu kitu kinachoweza kuhamishwa, kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895, kuwa cha kale, na kukitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Kwa hivyo ukipata mnunuzi wa ng'ambo anayekuambia "itume tu kwa posta", simama kwanza. Sarafu iliyofika Mombasa kwa jahazi enzi za Barghash ni ya kale. Iliyopigwa Bombay 1940 si ya kale. Zote mbili zimeandikwa 1780.

Nilimpigia shangazi nikamweleza: ni fedha, ni halali, si adimu, na haifiki hata robo ya karo ya muhula mmoja. Nilidhani atavunjika moyo. Kisha nikaanza hotuba yangu kuhusu tundu na historia ya akina mama, na kwamba pengine tungeiweka.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Halafu akasema, "Mama aliiweka kwa siku kama hii. Siku ndiyo hii. Iuze."

Sikuwa na la kujibu. Kama ninayoandika hapa kuhusu lile tundu ni kweli, basi kuiweka ndani ya kioo ndiko kungekuwa kuigeuza kitu kingine. Seyyid Said alipewa dola ya kuwekwa. Nyanya alijiwekea dola ya kuuzwa.

Sonara wa kwanza alitaka kuiyeyusha na akatoa bei ya vyuma. Niliendelea kutembea. Mwishowe mzee mmoja anayeuza vitu vya zamani aliichukua kwa juu kidogo ya bei ya fedha ya siku hiyo, na hakuuliza mwaka. Aliipima, akaipiga kwa ukucha akasikiliza, akaangalia ukingo. Pesa ilinunua godoro, ndoo, blanketi na nauli ya basi. Karo ya muhula wa kwanza ilitoka kwa chama cha shangazi na harambee ya jamaa, na ya muhula wa pili bado inatafutwa.

Ukiwa na sarafu kwenu, fanya haya kabla ya kuiuza au kuiweka. Ipime. Ipige picha pande zote mbili na ukingo. Ukiwa na mzee aliye hai, muulize nani aliivaa na nani aliitoboa, na uandike jina la huyo mtu, kwa sababu hakuna katalogi itakayolihifadhi. Kwenye daftari langu imeandikwa: Maria Theresa, 1780, kiwanda hakisomeki. Gramu 27.31. Tundu juu ya kichwa, lehemu. Akiba ya nyanya. Ilitolewa mwezi wa nane, mjukuu alipokwenda chuo.